Maswali ya Wasomaji: Chumvi Ikiyeyuka Huenda Wapi?

SWALI: Salaam, mhariri. Bilauri yangu ina maji mililita 250, karibu ifike ukingoni. Nilitia vijiko viwili vya chai vya chumvi, nikakoroga. Ikatoweka, na maji hayakumwagika. Imeenda wapi? Na mbona nikiizidisha hutuama chini hata maji yakiwa ya moto?
*Msomaji, Moshi*

JIBU: Ndugu msomaji, chumvi yako yote imo humo humo. Punje ya chumvi imejengwa kwa ioni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme: za sodiamu zenye chaji chanya na za kloridi zenye chaji hasi, zimeshikana kwa mpangilio. Molekuli ya maji nayo ina pande mbili: upande wa oksijeni una uhasi kidogo, wa hidrojeni una uchanya kidogo. Maji huizunguka punje, upande wa oksijeni ukivuta sodiamu na wa hidrojeni ukivuta kloridi, hadi ioni zinabanduka moja moja na kutawanyika. Huku si kuyeyuka kama kwa barafu; chumvi kavu huyeyuka kwa moto kwenye nyuzi 801 za Selsiasi.

Maji hayakumwagika kwa sababu vijiko viwili, kama gramu 12, vikionekana vingi, karibu nusu ni hewa iliyo kati ya punje. Ujazo uliongezeka takriban mililita 4 tu. Katika bilauri ya kawaida hiyo ni kama milimita moja, jicho halioni. Mizani ingeziona gramu zote 12.

Kuhusu kutuama: mililita 100 za maji ya nyuzi 20 hubeba gramu 36 hivi, basi. Yakikaribia kuchemka hubeba kama 39. Moto huharakisha kazi, ila hauongezi nafasi kubwa. Sukari ndiyo hunufaika sana na moto, ndiyo maana wengi hudhani chumvi nayo ni hivyo. Hapo Moshi, isitoshe, maji huchemka karibu na nyuzi 97 kwa sababu ya mwinuko.

Ukitaka kuirudisha, mimina maji hayo kwenye sahani ya udongo au kioo, uyaanike juani. Usiyakaushe kwenye sufuria ya alumini, kwani maji makali ya chumvi huitoboa vitundu vidogo. Tena yakikaribia kukauka motoni, punje huruka na kuunguza. Sahani ikibaki na utando wa vumbi jeupe lisiloyeyuka tena, hiyo ni chokaa iliyokuwa ndani ya maji yenyewe.