Umepata C ya hisabati na bado unataka kuisoma chuoni

Matokeo yangu yalipotoka, hisabati ilikuwa na C. Kichwani nilikuwa nimeshachagua miaka miwili nyuma: shahada ya hisabati, basi. Mwalimu wangu, ambaye najua alinitakia mema, alinishauri nitafute fani yenye hesabu chache. Rafiki zangu wakasema jaza tu, mengine yatajulikana hukohuko. Wote walikuwa wanaitazama ile herufi. Hakuna aliyeuliza imetokana na nini, na hilo ndilo swali la kwanza.

Tafuta mitihani yako ya majaribio, au kaa peke yako uurudie ule wa mwisho, kisha fuatilia kila alama iliyopotea. Mimi nilizigawa mafungu matatu: zilizopotea kwa kukosea ishara au sehemu, zilizopotea kwa kuishiwa muda, na zilizopotea kwa sababu sikuelewa jambo lenyewe. Fungu la pili lilikuwa kubwa kuliko mengine yote. Nilijua cha kufanya, ila nilikuwa mzito kupanga milinganyo na kurahisisha sehemu. Uzito huo una dawa. Nilijiwekea dakika 40 kila asubuhi, aljebra na trigonometria tu, kwa miezi mitatu kabla chuo hakijafunguliwa. Kama fungu lako kubwa ni la tatu, hapo pana kazi ya kina zaidi, na ni heri uianze sasa, kwa sababu mhadhiri wa mwaka wa kwanza hatasimama kukueleza logi ni nini. Vyuo vingine vina mwaka wa matayarisho kwa ajili ya hali kama hiyo. Usiuone kuwa aibu. Mwaka mmoja wa kujenga msingi ni mfupi kuliko miaka miwili ya kurudia masomo.

Sasa jambo ambalo ningelipa chochote kuambiwa mapema. Hisabati ya chuo, hasa upande wa nadharia, si ile ya shule iliyoongezwa ugumu. Kazi yenyewe inabadilika. Shuleni unaulizwa jibu ni ngapi; chuoni unaulizwa umejuaje kwamba ni kweli.

Chukua 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 na kuendelea bila mwisho. Ukijumlisha namba 10 za kwanza unapata kama 2.93. Mia za kwanza zinakupa kama 5.19. Ukifika ya 1,000 bado hujafikisha 7.5, na hata ukijumlisha milioni nzima unapata kama 14.4 tu. Kikokotoo kinakushawishi kwamba jumla hii itasimama mahali fulani. Haisimami. Nicole Oresme, msomi wa Ufaransa, alionyesha sababu yake katika karne ya 14, kwa hoja inayoenea kwenye kiganja: 1/3 + 1/4 inazidi nusu, maana 1/4 mbili ni nusu kamili na 1/3 ni kubwa kuliko 1/4. Namba nne zinazofuata, 1/5 hadi 1/8, nazo zinazidi nusu, kwa kuwa hakuna hata moja iliyo chini ya 1/8. Nane zinazofuata ni hivyohivyo, kisha kumi na sita. Unaongeza nusu juu ya nusu pasipo ukomo, kwa hiyo utaipita namba yoyote utakayoitaja.

Isome tena polepole, kisha ujisikilize. Kama umejikuta unauliza, “na 1 + 1/4 + 1/9 + 1/16 je?”, basi una kitu ambacho C yako haikupima. (Hiyo husimama. Mwanahisabati Leonhard Euler alipata jumla yake, π²/6, mwaka 1734.) Na kama umesoma ukiwaza “sawa, lakini inatumika wapi?”, huna upungufu wowote, ila pengine fani yako ni takwimu, hisabati tumizi, au hisabati pamoja na kompyuta, na utaumia bure katika shahada ya nadharia tupu.

Majina ya fani yanadanganya, kwa hiyo usichague kwa jina. Fungua orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili, somo kwa somo. Mimi nilichagua hisabati na takwimu nikidhani ile “na takwimu” ingenipunguzia mzigo. Kumbe masomo ya lazima tulikaa ukumbi mmoja na wale wa hisabati peke yake, tukafanya mtihani uleule. Takwimu zenyewe zimesimama juu ya kalkulasi na uwezekano, na anayetaka sayansi ya data atakutana na vekta na matriksi asubuhi na jioni. Hisabati ya bima nayo ina jambo la kupimwa kwa makini: baada ya shahada, anayetaka kuwa aktuari, yaani mtaalamu wa kukokotoa hatari za bima, hukabili mitihani ya kitaaluma mmoja baada ya mwingine, kwa miaka. Kama kilichokuangusha ni chumba cha mtihani chenyewe, lifikirie hilo kabla ya kuvutiwa na mshahara.

Huwa wapo wanaomtaja mwanahisabati Mmarekani Stephen Smale. Alama zake akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan zilikuwa za kawaida, zikafika mahali mkuu wa idara akamwonya kwamba anaweza kuondolewa. Mwaka 1966 akapewa Medali ya Fields, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za hisabati. Ni kweli, na habari yake ilinitia nguvu. Lakini haikuniambia nichague nini. Kilichokuja kuwa na uzito ni mambo madogo ambayo sikuyauliza kabla ya kujaza fomu.

Jaribio langu la kwanza la uchambuzi wa namba halisi, somo la kuthibitisha misingi ya kalkulasi, nilipata 31 kwa 100. Nilikuwa nimekariri maana ya kikomo neno kwa neno bila kuweza kuitumia. Katika chuo nilichokuwa, mhadhara ulikuwa na mamia ya watu na darasa dogo la mazoezi lilikuwa mara moja kwa wiki mbili. Kilichoniokoa ni wenzangu wanne. Tulikutana kila jioni, mmoja anasimama ubaoni anaandika uthibitisho, wengine wanamsimamisha kila anaposema “ni wazi kwamba”. Nililirudia somo lile nikafaulu, na mwaka wa tatu nikawa nasaidia wa mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo kwa mwenye alama za katikati, mimi ningeweka mbele chuo chenye madarasa madogo ya mazoezi kila wiki, hata kama jina lake halitajwi sana. Uliza pia alama zinagawanywaje: kazi za wiki zina uzito, au kila kitu ni mtihani wa mwisho? Uliza ukianguka somo moja unalirudia au unarudia mwaka mzima. Uliza kama inaruhusiwa kuhama kutoka fani ya pamoja kwenda hisabati peke yake, au kinyume chake, baada ya mwaka wa kwanza. Mlango huo una thamani kubwa kwako kuliko kwa mwenye A. Na maswali haya yapeleke kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, si kwa ofisi ya udahili tu. Waulize somo gani linaangusha wengi, na waliofaulu walifanya nini.

Kuhusu kurudia mtihani ili upate daraja la juu: rudia ikiwa alama zilizokosekana ni chache, umeona zilipopotelea, na fani unayoitaka haina njia nyingine ya kuingia. Vinginevyo, huo muda utumie kwenye msingi.

Wiki hii tafuta mtihani mmoja wa mwaka wa kwanza wa fani unayoifikiria. Wanafunzi waliotangulia huwa nao. Hutaujua, na hutakiwi kuujua. Soma maswali yote, halafu uweke alama kwenye yale ambayo ungependa kuelezwa jibu lake.