Vumbi la mchepuko: dai maji, dai na mwendo

Pole sana dada uliyeniuliza kuhusu vumbi la barabara ya mchepuko, ile ya muda wakati lami inajengwa, inayopita mbele ya genge lako la chakula. Umesema boza la kunyunyiza maji barabarani linapita saa moja asubuhi tu, na ikifika saa nne malori yanatimua vumbi mpaka kwenye sufuria za wali. Maji ya asubuhi peke yake hayatoshi kiangazi hiki. Kwa jua kali udongo unakauka upesi mno. Wajenzi wa barabara warudie mara kadhaa kwa siku, wakinyunyiza kidogo kidogo, siyo kumwaga mpaka pawe tope.

Ila watu wengi husahau mwendo. Lori likipunguza spidi, vumbi nalo linapungua sana. Dai matuta hapo mbele ya genge lako, na malori ya kifusi yafunikwe turubai.

Andikeni barua mkiwa wengi, mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa mhandisi msimamizi wa mradi. Ambatanisheni picha zenye tarehe. Wakipuuza, nendeni kwa wasimamizi wa mazingira wa taifa (NEMC); Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 iko upande wenu.

Hapo gengeni usifagie pakavu, nyunyizia kwanza. Na mwanao uliyesema anakohoa usiku kucha, tafadhali mpeleke hospitali wiki hii hii. Usisubiri lami.