Doa la zulia: weka brashi chini kwanza

Maswali ya mazulia yamekuwa mengi, nimechukua sita nayajibu hapa moja moja.

Nilimwaga chai kwenye zulia, nikakimbilia brashi na sabuni ya unga, sasa doa limekuwa kubwa kuliko mwanzo. Nimekosea wapi?

Kwenye brashi. Ukisugua unaisukuma chai iende chini zaidi na hapo hapo unazichambua nyuzi, hata doa likitoka pale panabaki manyoya yamesimama hovyo kama nywele za mtu aliyekurupuka usingizini. Mimi nina zulia lina kipara cha ukubwa wa sahani, nilikiweka kwa mikono yangu mwenyewe nikisugua wino, wino ulitoka kweli ila na zulia likatoka nao. Chukua taulo jeupe (la rangi linaweza kuchuja likakuongezea kazi), liweke juu ya doa, gandamiza kwa kiganja au lisimamie kabisa, inua, geuza upande mkavu, rudia. Anzia pembeni uje katikati. Taulo likiacha kulowa ndo unaleta maji kidogo yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo, ile rangi ya kahawia ikigoma weka siki nyeupe uliyoizimua na maji. Sabuni ya unga achana nayo, kuisuuza mpaka iishe kwenye zulia ni kazi ya kutwa.

Doa lilitoka kabisa jioni, asubuhi naamka lipo palepale. Huu si uchawi?

Hapana bwana. Ulisafisha juu tu, kimiminika kilishazama mpaka kwenye kitako cha zulia, sasa juu pakianza kukauka maji ya chini yanapanda kwenye nyuzi kama mafuta ya taa kwenye utambi, yanapanda na uchafu wake, maji yanaondoka na hewa uchafu unabaki kwenye ncha. Lilowesheni tena kidogo, kunja taulo kavu mara nne uliweke juu, funika na mfuko wa plastiki, halafu panga vitabu vizito juu yake ulale. Asubuhi utaikuta ramani ya kahawia kwenye taulo badala ya kwenye zulia, na kusema kweli inaridhisha kuiangalia. Ila kama doa linarudi baada ya wiki mbili tena likiwa jeusi, hilo sio doa la zamani, ni sabuni uliyoiacha, inanata na kila mguu unaopita unaiachia vumbi. Hapo usiongeze sabuni, suuza kwa maji matupu na kausha kwa taulo, rudia mpaka povu liishe.

Paka amekojoa, nimeosha mara tatu, siku za unyevunyevu harufu inarudi.

Mkojo wa paka unaacha chembe za asidi ya yuriki ambazo maji na sabuni havizimalizi, unyevu ukija zinaamka. Tafuta dawa yenye enzaimu (vimeng'enya vinavyovunjavunja hizo chembe), imwage ifike kina kile kile mkojo ulipofika, iache muda ulioandikwa kwenye chupa, usiwe na haraka. Amonia usiiguse, paka anaisikia kama mkojo atarudi hapo hapo. Baking soda inasaidia harufu ndogo, nyunyiza, lala nayo, vuta na vakyumu, lakini ni ile ya kuumulia keki jamani, sio magadi soda. Na blichi usiichanganye kamwe na siki wala amonia, inatoa gesi ya sumu.

Damu je?

Maji baridi. Ya moto yanaigandisha kwenye nyuzi kama yai kwenye kikaango.

Naweza kulitoa nje nikalipiga maji ya mpira lote?

La nailoni au polista, sawa. La mkonge au juti hapana, linajikunja na kutoa madoa ya kahawia lenyewe. La sufu au lenye rangi kali pima kwanza, gandamiza kitambaa cheupe chenye maji kwenye kona dakika chache, kitambaa kikitoka na rangi mpelekee fundi. Na kabla hujafungua bomba jiulize utalikaushaje, maana watu wanapiga povu kwa furaha halafu linaanikwa sakafuni, chini hakuna hewa, siku ya tatu nyumba nzima inanuka uvundo. Liinue juu ya viti au kamba imara, washa feni, lipindue, liwe limekauka mpaka kitako ndani ya siku moja au mbili, na usilikunje likiwa bichi.

Vakyumu inakula matamvua ya zulia langu la sufu.

Zima brashi inayozunguka, kama haizimiki ishia kabla ya ukingo, matamvua yafagie kwa mkono. Na kwa vile ni sufu, siku hiyo hiyo sogeza kochi uangalie chini yake. Viwavi vya nondo, wale wadudu wanaokula sufu, vinapenda giza pasipokanyagwa na mtu, ukikuta punje kama mchanga na manyoya yanang'oka kwa kuguswa tu, ndo hao, vuta pande zote mbili kabla hata ya kurudisha kochi.