Sangara 36 wanatosha kukadiria urefu wa samaki wa mwalo mzima?

SWALI: Nakusanya takwimu za uvuvi kwenye mwalo mmoja hapa Mwanza. Juzi nilipima sangara 36. Wastani wa urefu ni sentimita 58, mkengeuko sanifu 9. Siku hiyo walishushwa samaki wapatao 4,000. Mkubwa wangu anasema sampuli haifai mpaka ifikie asilimia 10 ya samaki wote. Ni kweli? Na wastani wa wote nitaukadiriaje?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, kanuni hiyo ya asilimia 10 haina msingi. Usahihi unategemea umepima samaki wangapi na wanatofautiana kiasi gani. Gawanya 9, yaani mkengeuko sanifu unaoonyesha wanavyotofautiana, kwa kipeuo cha pili cha 36, ambacho ni 6, upate 1.5. Hilo ndilo kosa sanifu la wastani wako, yaani kipimo cha jinsi unavyoweza kupishana na wastani halisi wa samaki wote. Ukiingiza kwenye hesabu kwamba walioshushwa ni 4,000, linashuka hadi 1.49 tu. Wangekuwa 40,000, lingebaki karibu 1.5 ileile.

Sasa zidisha 1.5 kwa 2.03, namba inayotoka kwenye jedwali la t. Msingi wa jedwali hilo uliwekwa mwaka 1908 na William Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, aliyekuwa na shida kama yako ya sampuli ndogo. Unapata 3 hivi. Kwa hiyo wastani wa wote unakadiriwa kuwa kati ya sentimita 55 na 61, kwa uhakika wa asilimia 95. Maana yake, ungerudia kazi hii mara nyingi kwa njia hiyohiyo, takriban mara 95 katika kila 100 mipaka utakayoipata ingekuwa na wastani halisi ndani yake. Tafadhali usiandike kwamba asilimia 95 ya sangara wana urefu huo. Kosa hilo nalikuta hata kwenye ripoti za wataalamu.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba hukusema hao 36 uliwapataje. Samaki wa mtumbwi mmoja wamenaswa na nyavu za matundu yaleyale, hivyo hukaribiana ukubwa. 36 wa mitumbwi mitatu hawakupi taarifa sawa na 36 wa mitumbwi 12. Na kama ulipima baada ya mawakala kuchagua wakubwa, wastani wako umeshuka, na hata ukipima 1,000 waliobaki hautapanda.

Waulize viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi hapo mwaloni, mitumbwi mingapi inategemewa asubuhi hiyo. Ikiwa 60, piga kura upate namba kati ya 1 na 5, anza na mtumbwi huo, kisha kila wa tano unaofuata. Toa samaki watatu kwa kila mtumbwi kabla hawajachambuliwa, bila jicho kuchagua. Andika namba ya mtumbwi na jumla ya samaki wake, kwa sababu mtumbwi ulioleta 120 lazima uwe na uzito zaidi kwenye hesabu ya wastani kuliko ulioleta 20. Kosa sanifu lipigie hesabu kwa wastani za mitumbwi 12, na kwenye jedwali la t utumie 2.20 badala ya 2.03, kwa kuwa sasa unahesabu mitumbwi 12, si samaki 36.