Sarajevo: anza mashariki, fuata mto

Kosa la wageni wengi wa Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, ni kurukaruka: asubuhi handaki la vita, mchana msikiti, jioni madukani. Mji umelala katika bonde jembamba la mto Miljacka, takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari, na milima imeubana pande zote mbili. Kila utawala uliokuja ulipotaka kujenga ulisogea magharibi, ambako bonde linapanuka. Kwa hiyo anza mashariki, Baščaršija, ushuke na mto.

Baščaršija ni soko la enzi ya Waosmani, dola ya Waturuki. Gavana wao Isa-beg Ishaković aliuanzisha mji miaka ya 1460, na jina la mji limetokana na neno la Kituruki saray, yaani jumba la mtawala. Mswahili hatakosa neno la kulitambua: duka wanaliita dućan, na kikombe cha kahawa fildžan, ndiyo finjani yetu. Cha kukitazama kwa makini ni mnara wa saa, Sahat-kula, jirani na msikiti wa Gazi Husrev-beg wa karne ya 16. Watalii hulinganisha saa yake na simu zao, wakasema mbovu. Si mbovu. Inahesabu kama sisi: jua likizama, saa kumi na mbili. Ila kwetu, karibu na ikweta, wakati wa jua kuzama hauhami sana. Sarajevo mwezi Desemba jua huzama saa kumi na dakika chache, na Juni huzama saa mbili na nusu usiku. Ndiyo maana saa hiyo haiwezi kuachwa ijiendee. Lazima mtu apande kuirekebisha mara kwa mara.

Kahawa nayo ina utaratibu. Inaletwa kwenye sinia ya shaba: birika dogo la mkono mrefu liitwalo džezva, finjani isiyo na mkono, vibonge vya sukari na kipande cha rahat lokum, peremende laini. Usimimine papo hapo. Koroga povu la juu, liteke kwa kijiko uliweke kwenye finjani, kisha mimina polepole ili machicha yabaki chini. Sukari huichovyi ikayeyuka yote: unachovya ncha ya kibonge, unakimega, unashushia na kahawa. Usiiite kahawa ya Kituruki; kwao ni ya Kibosnia. Na kwa wala burek, andazi la tabaka nyembamba lenye vitu ndani, jina hilo hapa ni la nyama tu. Ya jibini ni sirnica, ya viazi ni krompiruša, na anayeagiza “burek ya jibini” huchekwa.

Beba marka, fedha ya Bosnia, taslimu, kwani vibanda vingi vya sokoni havipokei kadi. Euro 1 ni marka 1.95583, kiwango kisichobadilika. Zitumie zote kabla ya kuondoka, maana nje ya nchi ni shida kuzibadilisha. Kingine: Bosnia haimo katika Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja. Mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara moja akishavuka kuja huku hana njia ya kurudi kwa viza hiyo hiyo.

Ukifuata barabara ya Ferhadija utaona mji ukibadilika ghafla, paa fupi za vigae zikiisha na majengo ya ghorofa ya mtindo wa Vienna yakianza. Hapo ni Austria-Hungary, iliyouchukua mji mwaka 1878. Jengo lao moja linavunja mpangilio: Vijećnica, ukumbi wa mji wa mwaka 1896, liko mashariki kabisa. Liliungua Agosti 1992 likiwa maktaba ya taifa, likafunguliwa upya mwaka 2014. Kutoka hapo, tarehe 28 Juni 1914, Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungary, aliondoka kwa gari, dereva akakosea kona karibu na Daraja la Latini, na Gavrilo Princip, kijana aliyempiga risasi na kumuua, alikuwa amesimama pale pale. Wengi hupiga picha darajani. Risasi zilipigwa ng'ambo ya barabara, kwenye kona yenye jumba la makumbusho.

Magharibi zaidi ni maghorofa ya enzi ya Yugoslavia, nchi ya zamani iliyoijumuisha Bosnia, na tramu inakwenda hadi Ilidža. Hapa ndipo bonde linapoieleza vita: majeshi ya Waserbia wa Bosnia yalishika vilima, yakauona mji wote chini yao na kuuzingira kwa siku 1,425, kuanzia 1992 hadi 1996. Handaki lilichimbwa mwaka 1993 chini ya uwanja wa ndege, urefu takribani mita 800, likawa njia ya chakula, silaha na majeruhi. Sehemu iliyobaki ya kuingia ni fupi, na mtu mrefu atainama.

Desemba ukikuta mji umezama katika ukungu na moshi, hewa baridi imenaswa bondeni. Panda gari la kebo kwenda mlima Trebević. Mara nyingi juu kuna jua. Huko tembea kwenye njia zenye alama tu, hata kama nyasi zinavutia: mabomu ya kutegwa ardhini hayajaondolewa yote milimani.