Tableti imeshindwa na karatasi

SWALI: Najenga nyumba Ujiji, Kigoma. Nimenunua tableti ya ramani, lakini mafundi wanarudi kwenye karatasi. Ni ubishi tu?
Mkandarasi mdogo

JIBU: Ubishi upo, lakini si ubishi tu. Saa saba mchana kioo hakisomeki juani, na kidole chenye saruji mbichi hakifungui kitu. Kibaya zaidi ni vipimo: fundi akikuza picha, skeli ya 1:100 (sentimita moja ya ramani ni mita moja ya nyumba) imekufa, akiweka rula juu ya kioo, ukuta unahama. Asome namba zilizoandikwa tu. Shusha PDF ya ramani kwenye tableti kabla ya kwenda saiti, usitegemee mtandao wa huko. Kila toleo liwe na tarehe, la zamani lifutwe. Na karatasi usiitupe: moja ya saizi ya A3, toleo hilohilo, ibaki kwa fundi mkuu.