Kwa baharia mpya aliyekabidhiwa redio ya VHF

Baharia mpya akipewa redio ya chombo, mara nyingi huambiwa neno moja tu: kaa chaneli 16. Ni kweli, 16 (megahezi 156.8) ni ya dharura na ya kuitana, na mkiwa baharini lazima isikilizwe. Ila ukishaitikiwa, hamieni chaneli nyingine mzungumze huko. Wapo wanaoulizana bei ya samaki wa soko la Feri humohumo. Usiwaige.

Halafu acha kuhangaikia wati. Redio ya kufunga chomboni hutoa hadi wati 25, ya mkononi 5 au 6, na wengi hudhani umbali unatokana na hizo. Mawimbi ya VHF (masafa ya juu sana) husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kinachoamua ni kimo cha antena. Hesabu yake ni nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha kila antena kwa mita, jumlisha, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita. Redio mbili za mkononi, kila moja mita 2 juu ya maji, zitaishia kama kilomita 12 hata betri ikiwa mpya kabisa. Pandisha antena mita 9 mlingotini, na ufukweni kuwe na mnara wa mita 100, utafika kama 53.

Kwa hiyo kabla hujashauriwa kununua redio kubwa zaidi, kagua antena na kebo. Chumvi huanzia kwenye plagi. Ifungue: ukiona shaba imeota ukijani, kata kipande hicho, funga plagi mpya, izungushie utepe wa mpira usioingiza maji. Kioo cha redio kitaendelea kuonyesha kwamba unarusha, kumbe mawimbi yanaishia kwenye kebo.

Ukibonyeza kitufe cha kuzungumzia kwenye kipaza sauti, vuta pumzi ndipo useme, la sivyo jina la chombo chako litakatwa kichwa. Na kipaza sauti kitundike mahali pake. Kikikaliwa na mtu kitini, mmeziba chaneli kwa vyombo vyote vya jirani, na ninyi wenyewe hamsikii wanavyowalaani.

Kile kitufe chekundu cha dharura chenye kifuniko hutuma namba ya chombo, tarakimu 9, pamoja na mahali mlipo, kupitia chaneli 70. Hutuma ikiwa tu namba iliingizwa, na mahali hujazwa penyewe ikiwa tu GPS imeunganishwa. Hayo yahakikishe mkiwa bado bandarini. Baada ya kukibonyeza rudi 16: Mayday (neno la kuomba msaada wa dharura) mara tatu, jina la chombo mara tatu, mlipo, kilichowapata, idadi ya watu. Mahali patangulie hadithi, maana betri ikizama katikati ya maneno, angalau wanajua pa kuja.

Ukihamia meli kubwa utakuta redio za mkononi za UHF, megahezi 457 hivi, kwa kazi za kamba na za ndani ya meli. Wimbi lake ni kama sentimita 65, la VHF karibu mita 2, ndiyo maana la UHF hupenya vizuri zaidi milangoni na kwenye vijia vya chuma. Usimwite mwongoza meli kwa hiyo kabla hajapanda; yeye yuko VHF.